Mwaka wa Diski za Sirari

Mwita nilimzika, sikatai. Nilipanda gari Mwanza alfajiri, nikafika Turwa kabla jeneza halijatolewa ndani, nikatia mchanga kaburini kama wengine, nikakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai nikapokea sahani yangu ya ugali wa muhogo na nyama. Kilichonishinda kumeza ni wasifu wa marehemu. Mpwa wake alishika maiki akasoma kwa sauti ya kutangaza mpira: eti marehemu ndiye aliyeitoa hospitali yetu kwenye makaratasi, eti ndiye aliyeleta diski za kasi ambazo hata Mwanza walikuwa bado hawajaziona, eti aliondoka kazini akiwa hana doa. Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mama mmoja pembeni yangu akaniuliza, "Mbona huli, mwanangu?" Nikamwambia nimeshiba. Nilikuwa na njaa tangu asubuhi, lakini hasira ilikuwa imenijaa, na ukiwa na hasira kwenye msiba wa mtu huna pa kuipeleka. Ndiyo maana naandika. Habari za kwetu, baba alikuwa nani na tulikuwa na ng'ombe wangapi, hazimhusu mtu. Nitasema mwaka mmoja tu.

Mwaka huo nilikuwa binti niliyetoka chuo na cheti changu cha kompyuta, na hospitali ile ya binafsi pale Tarime ndiyo iliyonichukua. Siku hizi imekufa, majengo yake yamekuwa maduka. Wakati huo ilikuwa na jina, na ilikuwa na zahanati zake Nyamongo, Mugumu na Kisaka, zote zikitumia mfumo mmoja wa kumbukumbu za wagonjwa uliokaa kwenye seva zetu, yaani kompyuta kuu. Mwita alikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta. Na niseme ukweli hata kama unaniuma: ndiye aliyenipa kazi. Kwenye usaili mzee mmoja aliuliza binti wa Kijaluo atapandaje ngazi kuvuta waya akiwa na sketi, Mwita akamjibu, "Atavaa suruali, tatizo liko wapi?" Basi nikavaa suruali. Kama angekuwa mtu mbaya wa moja kwa moja, leo ningekuwa nimeshamsahau.

Chumba cha seva tulikiita kituo cha data, jina kubwa kuliko chumba chenyewe. Kilikuwa na kabati mbili za seva, rafu ya betri za akiba, na kiyoyozi. Na hicho kiyoyozi ndicho kilichotuponza, kwa sababu hospitali nzima chumba chenye baridi kilikuwa hicho tu. Mwita akaingiza makochi mawili, meza ndogo na friji ya soda, na wageni wake wote akawa anawapokea humo. Wazee wa saro yake, yaani wale waliotahiriwa naye msimu mmoja, walikuja mchana wa jua kali, wakavua viatu, wakanyoosha miguu wakielekeza nyayo kwenye kabati za seva. Friji ile ilichomekwa kwenye betri za akiba ili soda zisipate joto umeme ukikatika. Nilisema mara ya kwanza kwamba friji inazimaliza betri, nikaambiwa wageni ni baraka. Nilisema mara ya pili, nikaambiwa nina maneno mengi. Umeme ulikuwa unakatika kila mara, mlinzi alikuwa anatoka getini kwenda kuwasha jenereta kwa mkono, na betri zilizokuwa zimechoshwa na soda za wazee hazikumsubiri afike.

Diski za zamani, zile zenye sahani zinazozunguka, zilikuwa zimezeeka na mfumo ulikuwa unakokota. Daktari anafungua jina la mgonjwa, anakwenda kunywa chai, anarudi bado halijafunguka. Mwita akaniita akasema, "Akinyi, tunahamia diski za flashi. Wewe ndiye umesoma. Chagua." Nilifurahi kupita kiasi. Nilisoma kila nilichopata, nikapiga simu kwa muuzaji mmoja wa Mwanza mpaka akawa ananitambua kwa kikohozi, na nilichokielewa ndicho ninachokiuza mpaka leo kazini kwangu. Diski ya flashi ya kompyuta ya nyumbani na diski ya flashi ya kituo cha data zinafanana kwa nje, na mtu akikuwekea mezani hutazitofautisha kwa haraka. Tofauti iko ndani. Flashi huchakaa kwa kuandikwa, na ile ya nyumbani haikutengenezwa kuandikwa usiku na mchana na zahanati tatu na hospitali moja. Hilo ni moja, na si kubwa. Kubwa ni umeme. Diski ikipewa kitu cha kuandika, inakipokea kwanza kwenye kumbukumbu yake ya haraka, ile inayofutika umeme ukikatika, halafu ndipo inakihamishia kwenye chipu zenyewe. Diski ya kituo cha data ina kapasita ndani, vitu vidogo vinavyotunza umeme wa kutosha kumalizia kazi hata kama nje kumekuwa giza. Ya nyumbani haina. Inapokea, inakujibu "tayari", na kumbe kitu bado hakijafika mahali pake. Kwa mtu anayeangalia picha za harusi si tatizo. Kwa hospitali iliyoko Tarime, na umeme wetu ule, huo ni wazimu. Nikaandika mapendekezo yangu, nikayapigia mstari maneno "lazima ziwe na kapasita", nikampelekea.

Siku moja Chacha wa Sirari alikuja na boksi la diski. Chacha alikuwa na duka la vifaa vya kompyuta hatua chache kutoka mpakani, alikuwa wa saro moja na Mwita, na alikuwa mcheshi, huwezi kumchukia ukiwa naye. Waliletewa mbuzi wa kuchoma na ugali kwenye ile meza ndogo, mimi nikiwa nimechuchumaa nyuma ya kabati nafunga nyaya, kwa hiyo nilisikia yote. Chacha alikuwa na kompyuta mpakato aliyoiwekea diski yake, akaiwasha mbele ya Mwita, ikawaka kabla Mwita hajamaliza kutafuna. "Umeona hiyo, mura?" Chacha akasema. "Hii kitu ni moto. Nairobi maofisi makubwa zinatumia hii." Mwita akacheka mpaka akapaliwa. Akasema, "Huyu binti wangu anataka za Mwanza, za bei ya kutisha, eti zina sijui kapasita." Chacha akauliza, "Kapasita ya nini, na hii haina hata kitu kinazunguka?" Nikajitokeza mikono imejaa vumbi, nikawasalimia shikamoo wote wawili, nikaomba tuifungue moja tuone ndani. Mwita akaweka mfupa kwenye sahani, akaniangalia kama nimemwaga chakula. "Akinyi," akasema taratibu, "huyu nimekaa naye jandoni. Kitu alichoniletea nikifungue mbele ya macho yake, nimwambie nini?" Chacha mwenyewe akaona aibu, akasema afungue tu, hakuna shida. Mwita akakataa. Kwao, mtu wa saro yako akikuletea kitu, hukipimi mbele yake. Kukipima ni kumwita mwizi, na ukimwita mwizi mmoja umewaita wote mliosimama nao siku ile.

Mimi sidharau mila ya mtu. Nimeolewa kwa watu wenye mila zao na nimezifuata. Lakini mila ile ilihusu ng'ombe, na mikopo ya mbegu, na kuchangiana mahari. Ng'ombe mgonjwa unamwona kwa macho, huhitaji kumpima mbele ya mwenzako, utamjua kesho asubuhi zizini. Diski haionyeshi ugonjwa wake zizini. Nilitaka kuyasema haya pale pale, nikauma meno, nikarudi nyuma ya kabati. Wakaendelea kula.

Tukazifunga kwenye seva. Na jamani, zilikuwa na kasi, nani atabisha. Madaktari walinipigia makofi kwenye korido. Mwita alitembea kifua mbele. Kwa kulewa sifa akatoa amri kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kuandika chochote kwenye karatasi, mafaili yote yakafungwa kwenye magunia yakapelekwa stoo ambako mchwa waliyashukuru.

Bhoke alikuwa karani wa kumbukumbu za wagonjwa. Alikuwa ametoka Kisaka, mpole, mwandishi wa haraka, na alikuwa na tabia moja iliyokuwa inawachosha wauguzi: kila alichoandika alimsomea mgonjwa, kisha akamuuliza, "Nimeandika sawa?" Tulikuwa tunakula pamoja mchana kwenye veranda ya stoo, viazi vitamu na chai, na ndiye mtu pekee pale aliyenisikiliza habari za kapasita bila kupiga miayo. Alituma hela kwa mama yake kila mwezi na alikuwa anajenga kibanda cha bati kwao. Kazi ile kwake haikuwa kazi tu, ilikuwa ndilo jina lake Kisaka. Kule alikuwa "yule wa hospitali".

Siku moja aliletwa bibi wa kijijini kwao, Bibi Robi, ana kidonda mguuni. Akachomwa sindano ya penisilini, mwili ukamtoka vipele na midomo ikaanza kuvimba. Daktari akawahi, akampa dawa ya kutuliza mzio, akamwambia Bhoke aandike kwa herufi kubwa kwamba mama huyu asichomwe penisilini tena maisha yake. Bhoke akaandika. Mimi nilipita mlangoni nikamwona anaandika, bibi amekaa mbele yake. Mfumo ukaleta alama ya kijani: imehifadhiwa. Nikaendelea na safari yangu. Kabla sijafika mwisho wa korido, umeme ukakatika, betri zikalia mara moja zikanyamaza, mlinzi akakimbilia jenereta. Ilikuwa kawaida yetu, wala hakuna aliyeshtuka.

Baada ya mvua za masika Bibi Robi akaletwa tena, safari hii hajitambui kwa homa. Walioandamana naye ni majirani, hawajui lolote. Muuguzi akafungua jina lake: safi, hakuna onyo. Akachomwa. Sitaeleza sana, nilikuwepo wodini kwa sababu ya printa, nilimwona uso unavimba mpaka macho yakapotea na pumzi inatoka kama filimbi. Walimwokoa kwa taabu. Alikaa wodini muda mrefu, na ndugu zake wakaja na marungu yao wakakaa kimya nje ya ofisi ya mganga mkuu, kimya kile ambacho kila mtu wa Tarime anakijua. Walitaka jina. Na daktari wa kwanza alikumbuka vizuri: alimwagiza Bhoke aandike.

Nilijua pale pale kosa liko wapi. Nilichukua diski moja kati ya zile za Chacha, nikaifunga kwenye mashine ya pembeni, nikaipa namba ziandikwe kwa mfuatano, na kila diski ilipojibu "tayari" mashine ya pili iliipokea ile namba na kuitunza. Kisha nikachomoa waya. Nilipowasha, namba za mwisho hazikuwepo. Diski ilikuwa imeapa kwamba imeziandika na haikuziandika. Nikarudia tena na tena mpaka nikachoka, na kila mara ilidanganya. Nikabeba zile mashine zote mbili mpaka kwenye kikao cha kamati, nikazipanga mezani mbele ya mganga mkuu, wajumbe na Mwita, nikafanya jaribio macho yao yakiona. Nilidhani kazi imekwisha.

"Nani amechomoa waya?" Mwita akauliza.

"Mimi, mzee. Nimeiga umeme kukatika."

"Umechomoa waya kompyuta ikiwa inafanya kazi." Akawageukia wajumbe. "Hata ng'ombe ukimkata shingo akiwa anakula, majani hayafiki tumboni. Hilo nalo ni kosa la ng'ombe?"

Wakacheka. Watu wazima, wenye tai, wakacheka, na mama wa watu amelala wodini uso umevimba. Nikasema diski za kituo cha data zingemaliza kuandika, nilishaeleza kwa maandishi. Mganga mkuu akamuuliza Mwita kama ni kweli kulikuwa na aina nyingine. Na hapo ndipo Mwita aliponipoteza mpaka kaburini. Alikuwa anajua. Niliona macho yake yanajua. Angesema ndiyo, tulikosea, zibadilishwe, angeaibika siku mbili basi. Lakini kusema diski ni mbovu ni kusema Chacha alimletea kitu kibovu, na hilo hakuwa tayari kulisema mbele ya watu wasio wa saro yake. Akasema, "Aina ni nyingi, mheshimiwa. Hizi ni nzuri. Zimefanya kazi kila siku. Karani alisahau, binti huyu ni rafiki yake, anamtetea. Ni utoto." Bhoke akaitwa akaulizwa kama ana uhakika kwamba aliandika. Akasema ana uhakika. Wakamfungulia kompyuta wakamwonyesha pale ambapo maandishi yake yangekuwa. Palikuwa patupu. Wakamuuliza tena kama ana uhakika, na safari hii akaitazama mikono yake.

Alifukuzwa siku ile ile. Nilimkimbilia getini, begi lake liko chini, nikamshika mikono nikamwambia, "Bhoke, uliandika. Nilikuona. Diski ndiyo iliyopoteza, nimeijaribu, inapoteza." Akanitazama kwa upole wake ule. Akasema, "Asante, dada Akinyi. Mungu akubariki kwa roho yako." Nikamwambia si roho nzuri, ni diski. Akasema, "Najua," akapanda bodaboda. Diski hazikubadilishwa mpaka zilipokufa zenyewe moja baada ya nyingine, na wakati huo mimi nilikuwa nimeshaacha kazi nikaenda Mwanza, ambako nimekuwa nachagulia watu diski mpaka mvi zimenitoka. Muuzaji yeyote akija na maneno matamu naomba diski moja, naifunga, nachomoa waya mbele yake. Wengine hukasirika. Wakasirike tu.

Basi baada ya wasifu ule wa Turwa sikurudi Mwanza. Nililala kwa rafiki, asubuhi nikachukua gari kwenda Kisaka. Hasira ilikuwa inanichemka nikajisemea Mwita amesomewa ya kwake hadharani, na Bhoke naye atasikia ya kwake. Nilimkuta anatoka shambani, jembe begani, amekonda lakini ni yeye. Tulikumbatiana. Nilimweleza msiba, nikamweleza wasifu, nikamweleza tena habari ya diski kama nilivyomweleza getini, taratibu, kapasita na kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa unasema kweli," akasema. "Mimi nilijua unanifariji."

"Nilikuambia nilikuona."

"Uliniambia. Lakini walinionyesha, dada. Palikuwa patupu. Nilikwenda nyumbani nikafikiria, nikafikiria, mwisho nikawa nauona mkono wangu wa siku ile, hauandiki. Nikaanza hata kukumbuka nilivyosahau." Akalishusha jembe. "Hili shamba nililotoka si langu. Ni la Bibi Robi. Tangu nirudi namlimia kila msimu. Sijawahi kumwambia kwa nini. Anajua."

Nikamwambia twende kwake sasa hivi. Akasita, nikamvuta. Bibi Robi alikuwa amekaa mlangoni anapepeta ulezi kwenye ungo, mzee kabisa, sauti imekwaruza tangu siku ile. "Shikamoo, bibi." "Marahaba." Nikamwambia nimetoka Mwanza kwa ajili ya jambo la hospitali, la siku zile: kwamba kompyuta ndiyo ilipoteza yale maandishi, kwamba Bhoke aliandika. Alinitazama kama mtu aliyeletewa habari kuwa jua linachomoza.

"Si niliona anaandika," akasema. "Nilikuwa nimekaa hapo mbele yake. Akanisomea, akaniuliza kama ni sawa, nikamwambia ni sawa."

"Bibi, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Kuna aliyekuja kuniuliza?"

Hakuna. Kwenye kamati nzima ile, na ndugu na marungu yao, na mimi na mashine zangu mbili, hakuna aliyekumbuka kwamba aliyelala wodini ana mdomo. Bhoke alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na shamba, bibi?"

"Shamba gani?"

"Hili ninalokulimia."

"Lina nini?" Bibi akaendelea kupepeta. "Mimi sina binti. Kila mtu hapa nimemwambia, Mungu aliniona, akanipa Bhoke, ananilimia kwa mapenzi yake tu, hata sijamwomba."

Bhoke akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akaanza kulia kwa sauti. Bibi Robi akauweka ungo pembeni, akanigeukia mimi.

"Wewe," akasema, "umemwambia nini mtoto wangu?"